Muulize Papa Fundi: Mtoto wa masoni si mtoto wa shetani

SWALI: Jambo Papa Fundi. Mume wangu ni masoni, anajenga nyumba za watu katika mitaa ya Katuba na Kenya, hapa Lubumbashi, tangu tuoane. Juma lililopita mtoto wetu wa miaka tisa alirudi kutoka shule analia. Mwalimu alikuwa ameuliza kila mtoto kazi ya baba yake, wetu akajibu: masoni. Wenzake wakacheka, mmoja akasema, «Baba yako ni framasoni, anakula watu.» Tangu siku ile hataki baba yake amsindikize. Nimwambie nini? (Mama wa Katuba)

JIBU: Pole, mama, na umpe mtoto pole yangu. Barua yako imenikaa moyoni kwa sababu nilishika mwiko wa kujengea miaka 38 hapa Lubumbashi, na wanangu pia waliwahi kutaniwa hivyo hivyo.

Nitaanza na jambo ambalo huenda hukulitarajia. Hao watoto wamekosa adabu, lakini maneno hayo mawili kweli ni ndugu. Sisi tunamwita mwashi «masoni» kutoka Kifaransa, na «framasoni» ni neno lile lile limeongezewa kichwa. Chama cha framasoni, kile kinachosemwa kuwa cha siri, kilizaliwa kwa waashi, watu wa mawe na chokaa kama mume wako. Kwa hiyo usimwambie mtoto kwamba baba hana uhusiano wowote na jina hilo. Mwambie kwamba jina lilikuwa la baba kwanza.

Nilijuaje? Mpwa wangu anayesoma historia chuoni aliniletea nakala ya maandishi ya zamani ya waashi wa Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti. Tulikaa nayo barazani jioni nyingi, yeye akinisomea, mimi nikimweleza mambo ya kazi ambayo kitabuni hayakufafanuliwa. Waashi na maseremala wa mji huo walipewa hati yao na baraza la mji mwaka 1475. Loji yao, yaani chama chao cha kukutania, inayoitwa Mary's Chapel kwa sababu kwa muda mrefu walikutana katika kanisa dogo la Bikira Maria, ipo hadi leo na imepewa namba 1 huko Uskoti. Kitabu chao cha mikutano kinaanzia tarehe 31 Julai 1599. Kati ya loji zilizopo hadi leo, hakuna inayojulikana yenye kumbukumbu za mikutano za zamani kuliko hizo.

Sasa sikiliza kilichoandikwa siku hiyo. Mimi nilitegemea viapo, labda damu, kwa jinsi tulivyotishwa tangu utoto. Nikakuta shemine, dohani la kutolea moshi.

Mwashi mmoja, George Patoun, alisimama mbele ya wenzake akakiri kosa. Alikuwa amemweka mtu asiyefundishwa kazi ajenge kichwa cha shemine, siku mbili na nusu. Waskoti walikuwa na neno la mtu wa namna hiyo, cowan, yaani mpanga mawe asiyejua chokaa, asiyepitia kwa bwana yeyote. Sisi tungesema fundi uchwara. Patoun akajinyenyekeza, akaomba radhi, wakamsamehe faini, na msimamizi akawaonya wote waliokuwepo kwamba atakayerudia hatapona. Basi, mkutano umekwisha.

Nilimwomba mpwa wangu anisomee tena mahali pale. Siku mbili na nusu! Waliihesabu hadi ile nusu. Na yeyote aliyejenga shemine anajua kwa nini. Kichwa cha shemine kiko juu kabisa, upepo unakipiga pande zote, moto unakichemsha kwa ndani na mvua inakipoza kwa nje. Viungo vikiwa vibaya vinapasuka, cheche zinatoka, paa linashika moto. Katika mji wa mapaa ya nyasi na mbao, nyumba moja ikiungua mtaa mzima unakwenda. Sisi tulioamka kila asubuhi tukitazama shemine kubwa ya Gécamines, kampuni ya madini, tunaweza kuwaelewa watu wale bila mkalimani.

Miezi michache kabla, tarehe 28 Desemba 1598, msimamizi wa majengo ya mfalme, William Schaw, alikuwa amewaandikia waashi wote wa nchi ile kanuni zao. Nakupa chache, umsomee mume wako. Mwanafunzi afungwe kwa bwana wake miaka isiyopungua saba. Bwana asichukue wanafunzi zaidi ya watatu maisha yake yote, isipokuwa kwa ruhusa maalum. Anayemnyang'anya mwenzake kazi aliyokwisha kupatana na mwenye nyumba, faini pauni 40. Kanuni iliyonigusa kuliko zote ni ya jukwaa la kujengea, lile tunaloita eshafodaji: mabwana wahakikishe majukwaa na njia za kupitia vimefungwa imara, na mtu akiumia kwa uzembe wao, hawatasimamia tena kazi yoyote, watafanya kazi chini ya bwana mwingine siku zao zote zilizobaki.

Mwaka 1986 nilikuwa kwenye jengo la ghorofa mbili. Jukwaa lilikuwa la miti ya mikaratusi, mingine mibichi, imefungwa kwa waya uliokwisha kutumika. Nilimwambia mwenye kandarasi kwamba fundo la kona ya pili linateleza. Akasema tumalize ukuta kwanza, simenti imeshachanganywa. Aliyepanda na karai kichwani alikuwa kijana wa miaka 17, aidi wangu, yaani msaidizi, mtoto wa jirani. Ilipolegea haikutoa sauti kubwa, ilikuwa kama mtu anavunja kuni. Kijana hakufa, ila mguu wake wa kulia haukunyooka tena, na mwenye kandarasi yule mwezi uliofuata alikuwa anasimamia jengo lingine. Kwa hiyo mpwa wangu aliposoma kanuni ile ya 1598 nilimwambia afunge kitabu kidogo, nikaenda kunywa maji.

Mama, hao ndio mababu wa hilo jina linalomliza mtoto wako. Jumamosi mume wako amchukue kijana kwenye kazi. Ampe timazi, ile filaplo, aishike mwenyewe mpaka uzi utulie, aone kama ukuta wa baba umesimama. Kisha Jumatatu aulizwe tena kazi ya baba.

SWALI: Papa, kama mwanzo walikuwa waashi, mabwana wa suti waliingiaje? Na kama hakuna ubaya, siri ni ya nini? (Mwanafunzi, Kampemba)

JIBU: Umeuliza vizuri, mwanangu. Nianze na siri, maana hiyo inaeleweka mara moja ukiwa umetafuta kazi ukiwa mgeni.

Mwashi wa zamani alikuwa mtu wa kuhama. Kanisa likiisha hapa, anakwenda kutafuta kasri kule. Cheti hakuwa nacho, wengi hawakujua kusoma. Utamjuaje aliyekaa miaka saba kwa bwana na aliyeokota nyundo jana? Waskoti walikuwa na kile walichokiita neno la waashi: neno na ishara ambazo unapewa ukiisha kupokelewa, na ukifika mji wa mbali unalitoa, wenzako wanajua umepita mkononi mwa fundi. Kazi ya siri ilikuwa hiyo, kulinda mkate. Hata kwetu, mganga wa mifupa hampi mtu dawa yake sokoni.

Kuhusu mabwana, waliingia mmoja mmoja. Tarehe 20 Mei 1641 jeshi la Waskoti lilikuwa limekaa Newcastle, Uingereza. Ndani ya jeshi walikuwemo watu wa loji ya Edinburgh, na siku hiyo wakampokea Sir Robert Moray, ofisa wa jeshi, mtu ambaye hajawahi kupiga jiwe. Akachagua alama yake kama mwashi: nyota ya pembe tano. Huyo huyo ndiye baadaye, mwaka 1660, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Royal Society ya London, chama cha wanasayansi. Watu wa namna yake walivutwa na hesabu za majengo, na jiometria, na heshima ya ufundi wa kale. Wakaja wengi. Mwisho walikuwa wengi kuliko wenye nyumba.

Hapa ndipo roho yangu inapouma kidogo, na nitasema wazi. Mwanzoni mwa karne ya 18 waashi wa mshahara wa Edinburgh, wale ambao hawakuwa mabwana, waligombana na wakubwa wa Mary's Chapel. Walitaka kujua hesabu za fedha zao, na walitaka nao wawe na haki ya kutoa lile neno. Ugomvi ukafika mbali hadi wengine wakafungwa. Mwaka 1715 waamuzi wakaamua kwamba vibarua hao wanaweza kuwa na chama chao na kutoa neno wao wenyewe. Loji yao nayo ipo hadi leo Edinburgh, inaitwa Journeymen, namba 8. Mimi ningekuwepo ningekuwa upande huo. Mtu anayebeba karai aonyeshwe daftari la fedha.

Mengine yalikwenda haraka. Mwaka 1717 loji nne za London zikaungana kuwa Loji Kuu, na mwaka 1723 mchungaji mmoja wa Kipresbiteri, James Anderson, akachapa kitabu cha kanuni zao, kinauzwa dukani, mtu yeyote anunue. Uskoti ikapata Loji Kuu yake mwaka 1736. Loji ya mji wa Kilwinning ikanuna kwa sababu Mary's Chapel ilipewa nafasi ya kwanza, ikajitenga mwaka 1743, na iliporudi mwaka 1807 ikapewa namba 0 ili isiwe nyuma ya mtu. Kanisa dogo la Bikira Maria lenyewe lilibomolewa mwishoni mwa karne ya 18 kupisha daraja jipya la mji, lakini kitabu walihama nacho.

SWALI: Mimi ni fundi kijana. Nimeona picha yao wamevaa aproni, na ekeri na kompa. Vifaa vyetu wanavifanyia nini? (Fundi wa Ruashi)

JIBU: Wanavifanya mafunzo. Ekeri, ambayo Kiswahili cha vitabu kinaiita guni, kwao ni mwenendo ulionyooka. Kompa, yaani bikari, ni mipaka ambayo mtu anaiwekea tamaa yake. Pimamaji ni usawa wa watu, na timazi ni kusimama wima. Aproni ni ngozi nyeupe ya mwanakondoo, kwa kukumbuka ile ngozi ya kazi iliyozuia chembe za mawe. Mtu anapanda ngazi tatu: mwanafunzi, mwenzi wa ufundi, na fundi mkuu. Glavu nazo ni za zamani sana. Kanuni za Schaw za mwaka 1599 zinamtaka anayepandishwa kuwa mwenzi alipe pauni 10 za karamu pamoja na glavu za shilingi 10, na hadi leo wanavaa glavu nyeupe.

Nikuambie ukweli, wewe ambaye umepasuka viganja kwa simenti: nilipojua hivyo sikuona kwamba wametuibia. Nilifurahi. Bwana wangu aliyenifundisha alikuwa na maneno karibu na hayo bila kuijua loji yoyote. Akikuta ukuta umepinda hakuuliza nani kaujenga, aliuliza, «Nani aliyekuwa na haraka?» Uzi ulikuwa unamwonyesha mtu, si ukuta tu.

SWALI: Mzee, tumsifu Yesu Kristu. Mkatoliki anaweza kuingia loji? Jirani yangu anasema siku hizi Kanisa limelegeza. (Baba wa familia, Kamalondo)

JIBU: Milele amina. Hapana, baba, halijalegeza. Papa Klementi wa 12 alikataza tarehe 28 Aprili 1738, na wengine waliomfuata wakarudia. Watu walidhani mambo yamebadilika kwa sababu sheria mpya ya Kanisa ya mwaka 1983 haikuwataja framasoni kwa jina. Lakini tarehe 26 Novemba mwaka huo huo Roma ikatoa tamko: Mkatoliki anayejiunga yumo katika dhambi kubwa na asipokee Komunyo. Novemba 2023 Roma ikarudia vile vile. Mimi ni Mkatoliki, sijawahi kuomba kuingia, na hilo limenitosha.

Ila usichanganye katazo hilo na hadithi za kula watu. Kanisa lilikataa kwa sababu za imani na za kiapo cha siri. Na loji zenyewe si aina moja. Zile za Uingereza na Uskoti zinamtaka mtu aamini Mungu, na Biblia inakaa wazi katikati ya chumba. Grand Orient, loji kuu ya Ufaransa, iliondoa sharti la kuamini Mungu mwaka 1877, na Waingereza wakakata uhusiano nayo. Wabelgiji wengi wako upande wa Wafaransa, na Wabelgiji ndio waliokuja kwetu.

Hapo ndipo hofu yetu ya Katanga ilipata mizizi. Ubelgiji ilikuwa na vita virefu kati ya watu wa Kanisa na watu wa loji, hasa juu ya shule. Chuo Kikuu Huru cha Brussels kilianzishwa mwaka 1834 na Pierre-Théodore Verhaegen, framasoni anayejulikana, ili pawe na chuo kisicho chini ya maaskofu. Vita hivyo vilipanda meli vikaja Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, pamoja na Wazungu wenyewe. Upande mmoja palikuwa na watawa Wabenediktini chini ya Monsinyori de Hemptinne, aliyefika mwaka 1910 na kufa mwaka 1958. Upande mwingine maofisa na wafanyabiashara waliokuwa na loji yao hapa mjini. Hiyo ilikuwa ya Wazungu, na babu zetu hawakualikwa kuona kilichomo. Walichopata ni mahubiri ya upande mmoja, na nyumba iliyofungwa ya upande wa pili. Mtu akinyimwa kuona ndani anajaza mwenyewe. Marehemu bibi yangu alituambia tukipita mbele ya nyumba ya Mzungu yeyote yenye madirisha yaliyofungwa mchana, tusikohoe.

SWALI: Nimetumiwa ujumbe kwa WhatsApp kwamba nikijiunga na framasoni nitapata gari na dola 50 000, nilipe dola 150 za usajili tu. Nitume? (Kijana wa Bel-Air)

JIBU: Usitume hata senti. Huyo ni mwizi, na akipata 150 ataomba 300 za «mafuta matakatifu». Loji haimtafuti mtu kwa simu wala haimlipi. Mtu ndiye anayeomba, wanachama wanamchunguza, wanapiga kura, na akipokelewa yeye ndiye anayetoa michango. Futa namba hiyo leo, na uwaonye wadogo zako, kwa sababu mtu wa namna hiyo akikukosa wewe anajaribu ndani ya nyumba hiyo hiyo.

SWALI: Ni mimi tena, Fundi wa Ruashi. Umesema yule bwana alichagua nyota kuwa alama yake. Waashi wote walikuwa na alama? Na sisi je? (Fundi wa Ruashi)

JIBU: Barua yako ya pili imefika, nimefurahi. Ndiyo. Kanuni za 1598 zilitaka fundi akipokelewa, jina lake na alama yake viandikwe kitabuni. Alama ilichongwa kwenye jiwe lililomalizika: mistari mitatu, minne, iliyonyooka kwa sababu patasi haipendi duara. Kwa alama hiyo msimamizi alijua amlipe nani, na jiwe likipasuka alijua amwite nani. Ukienda kwenye makanisa ya zamani ya Ulaya bado zinaonekana.

Sisi tunajenga kwa matofali ya kuchoma, ya udongo wa kichuguu, na tofali moja halina nafasi ya sifa. Lakini linteli, ile boriti ya juu ya mlango, inayo. Bwana wangu alinionyesha, nami nikafanya hivyo kila nyumba niliyoisimamia: upande wa ndani wa linteli ya mlango wa mbele, kona ya kushoto, nilichora ekeri ndogo na nukta chini yake. Mwenye nyumba hakuambiwa. Plasta ilikuja juu yake, ikafunikwa.

Mwaka jana niliitwa Kamalondo kwenye nyumba niliyoijenga mwaka 1983. Mwenyewe alifariki, watoto wanapanua mlango ili kiti cha magurudumu cha mama yao kipite. Walipobandua plasta, kijana akaniita, «Papa, kuna kitu kimeandikwa hapa.» Ekeri na nukta. Nikagonga linteli kwa nyundo mara tatu, ikalia vizuri, haina ufa. Tukaiacha mahali pake, tukapanua kwa upande wa kulia.

Ukitaka kuweka yako, subiri kama saa mbili baada ya kumwaga, simenti ikiwa imeanza kushika lakini kidole bado kinaacha alama. Tumia msumari wa inchi nne, ushike umelala kidogo ili using'oe kokoto. Na usiifanye kabla hujapiga pimamaji mara ya mwisho.